Mwenye Kupima Hanunui

Siku tulipomzika kaka yangu Baudouin, hapa Kashojwa, kijiji cha wakimbizi Uganda, wale waliosimama kumsemea walisema mambo ya simu na redio. Mmoja alisema Fundi Baudouin alimfufulia simu iliyodumbukia katika sufuria ya maharage. Mwingine alisema redio yake ilirudi kwa fundi mara nyingi sana, hata siku moja kaka akakataa malipo na kumwambia, "Hii redio sasa tunailea sisi wawili, siwezi kulipisha mzazi mwenzangu." Watu wakacheka pale makaburini, nami nikacheka nao huku machozi yakinitoka, kwa sababu ndivyo alivyokuwa.

Lakini hakuna aliyeitaja mashine ya Mama Goreti. Wengi wa Kashojwa hawakuijua, maana mambo yake yalitokea Mbarara, na kaka hakuwa mtu wa kujisimulia. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo. Nimeona vema niiandike, ili watoto wake na vijana wa kanisa letu wajue ni mtu wa namna gani Mungu alituazima.

Sisi tulizaliwa katika milima iliyo juu ya ziwa Tanganyika, upande wa Fizi, Kivu ya Kusini. Misheni yetu ilikuwa mbali na barabara, na habari zote ziliingia na kutoka kwa foni. Foni, kwetu Wakongo, ni ile redio ambayo mtu husikia na pia husema. Dawa zikiisha katika zahanati, mtu akifariki Uvira na ndugu zake wako kijijini, rubani akitaka kujua kama uwanja wa ndege una matope, yote yalipita kwenye foni. Baudouin alikuwa ametoka tu shule ya ufundi wakati mmisionari mmoja mhandisi alipomchukua kumfundisha kazi hiyo.

Mmisionari yule alikuwa pia mtu wa redio ya ridhaa. Hao ni watu wanaopewa leseni na serikali ili wazungumze hewani na wenzao wa nchi nyingine kwa mapenzi tu, bila biashara wala siasa. Baada ya kazi aliwasha mashine yake ya zamani ya lampi. Lampi ni vichupa vya kioo vyenye nyuzi ndani, vilivyofanya kazi ya redio kabla ya vipande vidogo vya siku hizi. Hupata moto na kuwaka rangi ya chungwa. Kaka alisema mashine ya lampi ni kama mama aliye jikoni: hata usipomwona, joto na harufu vinakuambia yuko kazini. Alijifunza kuipenda mashine ile kuliko foni mpya iliyoletwa baadaye, kwa sababu mpya ikiharibika ilirudishwa Ulaya, lakini ya zamani ilikubali kufunguliwa na mkono wa mtu.

Kulikuwa na desturi moja pale misheni ambayo lazima niieleze. Mtu wa foni husikia kabla ya wote. Asubuhi alisikia chumvi imeadimika Uvira, au maharage yanatafutwa Bukavu, naye angeweza kukimbilia sokoni watu wengine wakiwa bado wanapiga mswaki. Kwa hiyo ilikatazwa: anayekaa kwenye foni hafanyi biashara ya kitu ambacho bei yake imepita masikioni mwake. Kaka alikaa katika kiti kile miaka mingi na hakuuza hata kopo la chumvi. Mama yetu alimwambia, "Masikio yako yanatajirisha kila mutu, isipokuwa hii nyumba." Kaka alicheka na kuendelea kula ugali wake mkavu.

Vita vilipofika, foni ilivunjwa kabla ya kitu kingine chochote, na ile mashine ya lampi ikavunjwa pamoja nayo. Wenye bunduki hawapendi mtu mwingine awe na mdomo. Tulipokutana tena njiani, kaka hakunieleza kwanza habari za nyumba yetu iliyoungua. Alinieleza jinsi lampi zilivyopasuka, moja baada ya nyingine. Tukafika Uganda, tukapewa kiwanja Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi. Yeye akafungua kibanda chake cha ufundi hapa Kashojwa, mimi nikaanza kuuza vitenge.

Ni vitenge vilivyotupeleka kwa Mama Goreti. Mimi huchukua mzigo Mbarara na kuuzungusha kwa wateja, na wateja wangu wazuri ni wake wa wanajeshi wa kambi iliyoko pale mjini. Goreti alikuwa Mnyankore, mjane wa Sajenti Eriya Ahimbisibwe, aliyefanya kazi ya mawasiliano ya jeshi hadi alipougua na kufa. Sasa ilimbidi mama huyo aache nyumba ya kambi, kwa kuwa nyumba ile ni ya askari aliye hai.

Siku moja nilipompelekea mzigo, alishika kitenge mkononi lakini hakukitazama.

"Dada Eliane," akaniuliza, "kaka yako si anatengeneza redio?"

"Anatengeneza, mama."

"Mimi iko na moja kubwa, inashinda mbuzi. Ilikuwa ya mzee. Mtoto wangu Bob anasema tuuze skrapu. Lakini mzee alikuwa anaificha kama pesa. Kaka yako aangalie, aniambie kama ni kitu ama ni chuma tu."

Nilipomweleza Baudouin, aliuliza swali moja tu: ina kisahani cha sindano mbele? Nikasema sijui. Kesho yake alikuwa ameoga na kuvaa shati la kanisani kabla sijaamka.

Kwenye geti la kambi ya jeshi askari aliutazama mfuko wake.

"Mzee mkimbizi, begi iko na nini?"

"Bisibisi, afande. Na kitabu cha nyimbo za kanisa."

"Gani inatengeneza redio?"

"Naanza na bisibisi. Ikishindwa, nafungua kitabu."

Askari akatikisa kichwa na kutupitisha, na mwenzake mmoja akatusindikiza.

Sasa, watu wa kambini wana mazoea yao. Kitu chochote kinachokabidhiwa hupakwa rangi kwanza: mlango, ndoo, hata mawe ya kando ya njia. Goreti alikuwa ameishi huko tangu aolewe, na kwa heshima ya mumewe hakutaka kumwonyesha mgeni kitu kichafu. Tulimkuta uani, mashine iko juu ya mkeka, yeye ameshika burashi. Juu na ubavu mmoja ulikuwa tayari unang'aa kijani cha jeshi. Alikuwa anahamia mbele, kwenye vifundo na maandishi.

Kaka yangu hakuwahi kumpita mtu bila salamu, hata mtoto. Siku ile hakumsalimu mtu.

"Mama," alisema, "weka burashi chini, tafazali."

"Si bado kidogo? Nimalize uso."

"Uso ndiyo mashine yenyewe, mama. Ukifunika uso, hakuna atakayejua inaitwa nani."

Alipiga magoti, akaomba pamba na mafuta ya taa, akaanza kuiondoa rangi mbichi taratibu, kama mtu anayemnawisha mtoto mchanga macho. Ilipotoka, chini yake kulikuwa na rangi ya kijivu ya kiwandani, imechujuka na kukwaruzwa. Goreti akasikitika kwamba sasa inaonekana kuukuu. Kaka akamwambia kuukuu huko ndiko kunakotafutwa. Wapenzi wa redio za zamani wakiona rangi mpya huuliza inaficha nini. Mkwaruzo wa kweli una thamani kuliko mng'ao wa uongo.

Kisha akafungua kifuniko. Alinusa kwanza. Hakuna harufu ya kuungua, akasema, haijafa, imelala. Akachukua kijiti chenye waya, akagusa huku na huku ndani, na ndipo akaingiza mkono wa kulia, wa kushoto akiuweka mfukoni.

"Mzee, uko na baridi?" Goreti akauliza.

"Hapana, mama. Hii mashine hata ikizimwa inaweza kubaki na umeme tumboni. Nikiingiza mikono miwili, umeme unaingia huku, unatoka kule, na katikati ni moyo wangu. Mukono mumoja ukikaa mu mufuko, moyo unapumzika."

"Na mimi hiyo miaka yote ninaipangusa na maji, mikono mbili."

"Mungu alikuwa anakupenda sana, mama."

Goreti alicheka mpaka akakaa chini. Nadhani ndipo alipomwamini.

Kaka alimweleza kile alichokiona. Hii ilikuwa mashine ya kurushia sauti, ya mtu wa redio ya ridhaa, iliyotengenezwa zamani kabla mimi sijazaliwa. Lampi zake zilikuwamo zote. Transfoma zake zilikuwa zile ilizozaliwa nazo, na mtu wa skrapu angezipenda kwa ajili ya shaba. Lakini kuna kitu kilikosekana. Akauliza kama hapakuwa na vijisanduku vidogo, vya ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, vyenye miguu miwili ya chuma. Goreti akaingia ndani, akarudi na kopo la kakao. Vilikuwamo, na juu ya kila kimoja kulikuwa na namba ya penseli.

Kaka alivipanga kiganjani. Akatueleza kwamba ndani ya kila kimoja kuna kipande cha jiwe kama kioo, kinachotetemeka kwa mwendo wake mmoja usiobadilika, na mtetemo huo ndio unaoiambia mashine isimame wapi hewani. Bila vile, mashine ni kama kwaya isiyo na wa kuanzisha wimbo.

"Na ilifikaje kwa mzee?" akauliza.

Goreti akasimulia. Eriya alipokuwa kijana alifanya kazi nyumbani kwa mwalimu mmoja Mzungu aliyefundisha Mbarara. Mwalimu huyo ndiye aliyemwonyesha mashine hii. Mambo ya nchi yalipoharibika, mwalimu akaondoka kwa haraka, akamwachia. Kwa sababu yake Eriya alipenda redio, na alipoingia jeshini aliomba kitengo cha mawasiliano. Kila alikohamishiwa aliibeba ndani ya blanketi. Hakuwahi kuiwasha, kwa kuwa hakuwa na leseni.

"Eliane, sikia vizuri maneno hayo," kaka akaniambia. "Hayo nayo ni sehemu ya mashine. Ikiuzwa bila hayo, imeuzwa nusu."

Goreti alitaka iwashwe pale pale. Kaka akakataa. "Mkimbizi awashe mashine ya kurushia ndani ya kambi ya jeshi? Mama, unataka nilale wapi leo?" Wakakubaliana ihamishiwe Biharwe, ambako Bob alikuwa na duka la kuchomea vyuma kando ya barabara ya Masaka. Kabla hatujaondoka, kaka akachomoa lampi moja, ile inayogeuza umeme kabla haujaingia kwenye sehemu nyingine, akaifunga ndani ya leso na kuiweka mfukoni. Alimwambia Goreti: naenda naipima nyumbani, nitairudisha. Alikuwa na sababu nyingine. Mashine iliyolala hivyo ukiichomeka ghafla, sehemu zake za kutunza umeme hupasuka na transfoma huungua. Bila lampi ile, mwenye haraka asingeweza kuiua.

Njiani kurudi Nakivale alikuwa akiipapasa ile leso mfukoni. Halafu akasema, bila kunitazama, "Tangu ile ya misheni, sijaona ingine. Kama ingekuwa yangu ningeitengenezea meza."

Nilimjua kaka yangu. Hakuwa ametamani kitu tangu tuvuke mpaka. Moyoni nilimwomba Mungu ampe.

Haikupita wiki, Goreti akapiga simu.

"Mzee, hiyo kitu imekufa. Bob amechomeka, taa ndogo zimewaka, lakini sindano hapana kusogea. Ameita watu wa skrapu, wanakuja leo."

"Mama, haikukufa. Roho yake iko hapa mu mufuko wangu. Usiache bapige nyundo. Ninakuja."

Tulipofika Biharwe, tulikuta gari dogo la mizigo mbele ya duka. Mtu wa skrapu alikuwa ametundika mzani, nyundo kubwa iko miguuni pake. Bob, kijana mrefu mwenye miwani ya kuchomelea kichwani, alikuwa anambembeleza mama yake. Goreti alikuwa amekaa juu ya mashine, gomesi yake, lile vazi refu la kina mama wa Uganda, imeifunika pande zote, kibeti juu ya mapaja.

"Maama, simama," Bob alisema. "Huyu mtu ameacha kazi yake."

"Mwambie apime na mimi."

"Nyabo, mama," mtu wa skrapu akasema, "mimi ninanunua chuma. Wewe siwezi."

"Kwa nini? Mimi iko nyepesi?"

Kaka akaingia, akafungua leso, akaionyesha lampi. Bob akaitazama, kisha akamtazama yeye, na uso wake ukabadilika.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Nyinyi watu wa Nakivale mko na akili. Unatoa valvu, mashine inakufa, watu wanachoka, halafu unarudi unainunua bei ya skrapu. Mzee wa kanisa."

Nilifungua mdomo, lakini kaka alinizuia kwa mkono.

"Mtoto wangu, uko na haki ya kuuliza," akamwambia Bob. "Nilimwambia mama yako ninaichukua, lakini wewe sikukuambia, na wewe ndiye ulikuwa karibu na umeme. Sasa sikia, na huyu rafiki wa mzani asikie pia. Mama yako aliniita nipime hii mashine. Mwenye kupima hanunui. Hata muniletee bure, siipeleki Nakivale. Hiyo ndiyo sheria nililelewa nayo kwenye foni, na sitaivunja uzeeni."

Akamweleza Bob ile habari ya chumvi ya Uvira. Mtu wa skrapu ndiye aliyecheka kwanza. Akasema yeye kwa sheria hiyo angekufa njaa, akakunja mzani wake. Bob hakucheka, lakini alisema, "Basi tengeneza. Isipowaka, namwita tena." Hayo yakawa mapatano: ikiwaka inatafutiwa mnunuzi anayeielewa, isipowaka inakwenda kwenye nyundo.

Kaka alirudi Biharwe kila nilipokwenda kuchukua mzigo. Sehemu za kutunza umeme zilikuwa zimekauka ndani. Alinunua mpya Mbarara kwa mafundi wa televisheni, akazificha chini ya sahani ya chuma, na zile kuukuu akaziacha mahali pake juu, ili mwenye kufungua aione mashine kama ilivyotoka kiwandani. Kila alichokitoa alikiweka ndani ya lile kopo la kakao, kiende pamoja na mashine. Umeme aliuingiza kidogo kidogo, kwa kuupitisha kwanza kwenye taa ya kawaida, ili taa ipunguze nguvu na kumwonya kama kuna hitilafu. Bob alianza kwa kumpita, akafuata kusimama, mwishowe akawa anamshikia tochi.

"Mzee, mbona huharakishi? Kuchomea geti mimi natumia asubuhi moja."

"Geti halikulala miaka hamsini. Wewe ukiamshwa kwa kofi, unaamka vizuri?"

Ilipobaki kujaribu kurusha, kaka akasimama tena. Alisema bila mtu wa leseni hawashi. Akaulizauliza mjini mpaka akampata Bwana Kabera, mhandisi wa maji aliyestaafu, anayekaa hapo hapo Biharwe na kuzungumza hewani kwa leseni kwa miaka mingi. Kabera alikuja akidhani ataonyeshwa redio ya gari. Alipoiona alivua kofia, akaizunguka bila kuigusa.

"Hii ilikuwa wapi?" akauliza.

"Ndani ya blanketi," Goreti akajibu.

Badala ya waya wa kwenda juu, kaka alifunga taa ya balbu mahali pa kutokea sauti. Akatueleza kwamba leo hatutasema na anga, tutasema na taa. Nguvu ambayo ingeruka hewani itaishia ndani ya balbu, na hakuna nchi itakayosikia. Bob aliichunguza balbu akasema haina waya wa umeme. Kaka akasema ndiyo maana: ikiwaka, tujue imewashwa na mashine yenyewe.

Akawasha. Tukangoja lampi zipate moto, zikawaka moja moja, harufu ya vumbi la joto ikajaa dukani. Kaka akachomeka kijisanduku kimoja, mkono wa kushoto mfukoni, wa kulia kwenye kifundo. Sindano ikapanda. Akazungusha taratibu, ikateremka kama mtu anayeshuka bondeni, na iliposhuka, balbu ikaanza kuwa nyekundu, kisha njano, kisha nyeupe. Akasema maneno mbele ya kipaza sauti, "Moja, mbili, tatu," na taa ikatetemeka kwa kila neno.

Bob alinong'ona, "Maama, inasikia."

Goreti alifunika uso kwa kitambaa. Mimi niliimba wimbo wa shukrani kwa sauti ya chini. Sikuona aibu mbele ya wageni.

Baadaye Bob alimsogelea kaka. "Mzee, nilikusema vibaya."

"Ulisema juu ya lampi. Lampi si imerudi?"

Ndipo Goreti akasema lile nililokuwa ninaliombea tangu ile safari ya kurudi. Alisema mashine hii imeokolewa na Baudouin, basi Baudouin aichukue, ampe tu kile ambacho mtu wa skrapu angempa. Bob akaitikia. Hata Kabera, ambaye macho yake hayakuwa yametoka kwenye mashine, alisema kwamba hatasema neno. Nilimtazama kaka. Aliweka kiganja juu ya kile kifuniko kilichokuwa bado na joto, akakiacha hapo kidogo.

"Asante, mama," akasema. "Kwangu itakaa kimya, maana sina leseni, na polisi wakiikuta watauliza mambo mingi. Mashine ya kurushia isiporusha ni kabati. Na tena nimeshasema. Nikiinunua leo, Bob alikuwa na haki siku ile."

Kisha akamgeukia Kabera na kumtajia bei ya haki, kwa sauti ambayo kila mtu dukani aliisikia. Akaeleza kwa nini: uso wake haujaguswa, lampi na transfoma ni zake za kuzaliwa, vijisanduku vipo, historia inajulikana, na mashine ni nzima. Akaeleza na kasoro, kwamba ubavu mmoja ulipakwa rangi, na sehemu fulani ndani ni mpya.

Kabera alipangusa kipara chake. "Mzee, umenikaba koo."

"Nimekushika mkono tu, bwana. Koo hukabwa na watu wa skrapu."

Alinunua. Goreti akahamia kwao Isingiro, akaongeza vyumba katika nyumba ya marehemu mama yake. Nilipompelekea vitenge huko alinionyesha paa jipya, akasema, "Hii bati ni ya Eriya."

Safari ya kurudi siku ile ya mauzo ilikuwa ngumu kwangu. Nilimwambia kaka kwamba Mungu alikuwa amemnyooshea mkono, yeye akaukataa. Hakukasirika. Alisema, "Eliane, si kila kitu unachokipenda kinapaswa kulala nyumbani kwako." Leo, baada ya kumlaza pale makaburini, maneno hayo yananirudia kila asubuhi ninapofungua dirisha.

Kabera alikuwa na moyo. Aliwaendea wahusika wa leseni, akaomba ruhusa mgeni wake asalimie hewani yeye akiwa ameketi pale pale, akapewa. Alasiri moja akatuita mimi, kaka na Goreti nyumbani kwake. Waya ulikuwa umevutwa kutoka paa hadi mkalitusi. Mashine ilikuwa juu ya meza nzito ya mbao, haijapakwa kitu. Kabera akawasha, akataja jina la kituo chake, akauliza kama kuna anayesikia. Tukasikia mvumo kama mvua ya mbali. Akarudia. Sauti ya mzee mmoja wa Nakuru, Kenya, ikatoka katikati ya mvumo huo.

"Nakupata sawasawa, Biharwe. Lakini leo sauti yako imekuwa nzito, imenona. Umebadilisha mashine?"

"Nimebadilisha," Kabera akasema. "Ngoja nikupe mtu anayeijua." Akamsogezea kaka kipaza sauti.

Kaka akaanza kusema. Alizitaja lampi moja moja kama ndugu. Alieleza vile vijisanduku na namba zao za penseli, mwalimu aliyeondoka kwa haraka, Sajenti Eriya na blanketi lake, na Mama Goreti aliyekalia mashine ili isipigwe nyundo. Mzee wa Nakuru akacheka sana, akasema huyo mama apewe leseni. Goreti akapiga makofi.

"Sasa nimeijua mashine," sauti ikasema. "Lakini wewe unayesema, hujaniambia ni nani."

Kaka alishusha kipaza sauti. Nilidhani hakusikia, nikamgusa bega. "Yaya," nikamwita, kama kwetu tunavyomwita kaka mkubwa, "wanauliza jina lako."

"Nimesikia," akasema polepole. "Kule kwetu nilikuwa nasema jina la misheni. Langu sijawahi kulisema hewani."

Kabera akamwonyesha kitufe. Kaka akaketi vizuri, akafunga kifungo cha juu cha shati lake, akabonyeza.

"Hapa Baudouin," akasema. "Nakusikia vizuri."

Kisha akaachia kitufe, akangoja ajibiwe.